Muziki wa spika viwanjani umezidi, na anayeubonyeza ni mimi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala ya ukurasa wenu wa michezo kuhusu mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu, na sehemu kubwa imenifurahisha. Mwandishi wenu ameueleza vizuri mpira wenyewe, huu wa kubebwa mkononi na vijana waliovaa helmeti, na hakutia chumvi aliposema kuwa uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza zaidi ya watu 107,000. Nilipofika kwenye aya ya muziki nikaweka kikombe chini. Kaandika kwamba nyimbo za kwenye spika ndizo "zinazoamsha" uwanja, na kwamba bendi za wanafunzi siku hizi zimebaki kuwa pambo. Hilo la pambo siwezi kuliacha lipite.

Niseme mapema kwamba naandika nikiwa na masilahi yangu. Jumamosi za msimu mimi ni fundi mitambo wa uwanja wa chuo kimoja cha huku katikati ya Marekani. Chuo sitakitaja kwa sababu mkataba wangu hauruhusu na bado naupenda mshahara. Nakaa kwenye chumba cha vioo juu ya jukwaa kuu. Mbele yangu pana miksa, kompyuta yenye vitufe vya nyimbo kwenye kioo chake, na karatasi ndefu ya ratiba iliyobandikwa kwa selotepu. Sikioni nina hedifoni, na ndani ya hedifoni yupo kijana wa idara ya masoko anayehesabu: tatu, mbili, moja, piga. Wimbo wowote unaotoka kwenye spika za uwanja ule, kidole kilichoubonyeza ni changu. Kwa hiyo anayelalamika hapa haukimbii muziki wa vijana. Rap naisikiliza hata nyumbani, na ile besi ya kwanza inapogonga vioo vya chumba changu huwa nacheka mwenyewe.

Ninachokataa ni ratiba. Ile karatasi imeandikwa kabla ya mchezo, na aliyeiandika hajui mchezo utakwendaje. Kila pengo la sekunde kadhaa limeshapewa kazi yake: wimbo, tangazo la mdhamini, wimbo, video ya kuwachekesha watu, wimbo. Bendi imepewa vipande vilivyobaki, na vyenyewe huliwa kila mchezo unapochelewa.

Msomaji ambaye hajaiona bendi ya chuo asifikirie matarumbeta ya harusi, watu wanane juu ya pikapu. Bendi ya Ohio State ina watu zaidi ya 200, na vyombo vyake vyote ni vya shaba na ngoma, hakuna filimbi wala klarineti. Wanatembea uwanjani huku wakipuliza, na hawatembei ovyo. Uwanja umepigwa mistari kila yadi tano, na bendi nyingi hukanyaga hatua nane kamili kutoka mstari hadi mstari. Kila mmoja ana karatasi yake inayomwambia katika pigo fulani la wimbo awe amesimama wapi. Ukiwatazama kutoka chini unaona watu wanapishana tu. Ukiwatazama kutoka chumbani kwangu unaona herufi zikijiandika.

Na ufundi huo ni wa miaka mingi. Bendi ya Purdue iliunda herufi P uwanjani mwaka 1907. Tangu 1936 bendi ya Ohio State huandika neno Ohio kwa mwandiko wa kuunganisha, mstari mmoja mrefu wa watu unaojikunja na kujifungua kama kalamu isiyoinuliwa, na mwisho anatoka mtu mmoja wa sousaphone, ile tuba kubwa inayouzunguka mwili, anakwenda kwa madaha mpaka juu ya herufi i, anavua kofia na kuinama mbele ya watu laki moja. Yeye ndiye nukta. Wapo wanaosubiri miaka minne ya chuo kwa ajili ya kuwa nukta hiyo.

Halafu kuna vyuo vya Wamarekani weusi, ambavyo mwandishi wenu hakuvigusa kabisa, na hapo ndipo hoja yake inapoanguka kifudifudi. Bendi ya Florida A&M ilialikwa Paris mwaka 1989 kwenye maandamano ya miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa. Bendi ya Grambling ilicheza kwenye Super Bowl ya kwanza kabisa, ile fainali ya mpira huu wa kulipwa, 1967. Bendi ya Southern, kule Baton Rouge, jina lake la utani ni Human Jukebox, yaani wenyewe ndio sanduku la muziki: wimbo ukivuma redioni, haupiti muda mrefu vijana wale wameupangia sauti za tromboni na tuba na wanaupuliza jukwaani. Southern na Grambling hukutana New Orleans kila mwaka mwishoni mwa wiki ya sikukuu ya Thanksgiving, na bendi hizo hupambanishwa usiku kabla ya mechi. Wakati wa mapumziko ya mechi za vyuo hivi, foleni ya vyakula huwa fupi, kwa sababu mapumziko ndiyo watu waliyoyafuata. Mpira ukiisha, bendi hubaki majukwaani zikijibizana, na kwa kuwa mchezo una robo nne, wenyewe wanaita robo ya tano. Mtu akiniambia kwamba bendi ni pambo, namuuliza: pambo gani linalowazuia watu wasiende nyumbani?

Sasa nieleze kinachotokea kwetu.

Mpira huu unasimama mara nyingi kwa ajili ya televisheni. Pembeni ya uwanja kuna mtu mwenye kofia nyekundu. Akiingia ndani ya mstari, hakuna mchezo, televisheni iko kwenye matangazo. Akitoka, mwamuzi anaruhusu waendelee. Pale kati ni dakika mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, mchana kweupe, watu maelfu wamekaa hawana cha kutazama. Zamani hizo zilikuwa dakika za bendi. Siku hizi mtu wa kofia nyekundu akiingia, kwanza mtangazaji anasoma tangazo la benki, kisha kamera inatafuta watoto wanaocheza, chini yake unapita wimbo kutoka kwangu, kisha linakuja tangazo la pili.

Mkurugenzi wa bendi naye ana hedifoni kama yangu. Anaambiwa "jiandae", anainua mkono, na kona nzima ya kaskazini inainuka. Tromboni zinapanda midomoni kwa pamoja, jua linapiga shaba, wale wa sousaphone wanajitikisa kukaza mkanda begani. Kisha sauti ya masoko inabadili nia, kwa sababu mdhamini wa pizza hajapata sekunde zake, nami naambiwa "piga namba kumi na moja". Napiga. Kule chini mkurugenzi anashusha mkono na vyombo vinashuka safu kwa safu, si kwa pamoja tena, kwa maana kushuka hakuna mazoezi. Kuna binti mmoja wa tromboni safu ya mbele ambaye kila jambo hili likitokea hutoa mate kwenye bomba la chombo chake, taratibu, akiutazama ubao wa matokeo bila kukunja uso. Nimemzoea. Mchana mmoja anaweza kufanya hivyo mara nyingi kuliko anavyopuliza.

Wengi wa vijana hawa hawasomei muziki. Wanasomea uhandisi, uuguzi, kilimo. Mazoezi ni jioni baada ya vipindi, wiki nzima, na yalianza Agosti kabla hata masomo hayajafunguliwa, wakitembea juani kwenye uwanja wa maegesho uliochorwa mistari. Mchezaji wa mpira akikaa benchi, kocha ana sababu. Hawa wanakalishwa benchi na orodha ya nyimbo.

Mtu wa masoko atasema, na kwangu ameshasema, kwamba bendi ni ya polepole. Hapo ana ukweli, na ukweli huo ndio uliozipa spika ushindi. Tangu 2008 mpira wa vyuo unatumia saa ya sekunde 40 kati ya jaribio moja la kusogeza mpira na linalofuata, na timu nyingi haziingoji iishe. Mkurugenzi wa bendi lazima achague wimbo, aonyeshe namba yake kwa mkono au kibao, watu 200 wainue vyombo, wahesabu, ndipo sauti itoke. Kompyuta haina midomo ya kulowanisha. Pengo la sekunde kumi halimfai mwenye tarumbeta, ila linanifaa mimi sana.

Lakini hebu tazama pengo hilo linaishia wapi. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zinatuweka bendi na waendesha mitambo kwenye kapu moja: hatuna ruhusa ya kutoa kelele itakayoizuia timu kusikia ishara zake, na adhabu ni yadi 15. Ligi ya SEC, ya vyuo vya kusini, ilikuwa inabana zaidi, kisha 2014 ikalegeza: muziki wa spika uchezwe, ila mchezaji wa katikati, yule anayeanzisha kwa kuutoa mpira nyuma, akishasimama juu ya mpira, ukatwe. Ligi nyingine nazo zinakwenda kwa mtindo huohuo. Watu walisoma habari ile kama uhuru mpya. Mimi, mwenye kidole kwenye kitufe, nimeona umefanya nini.

Chukua jaribio la tatu. Timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi, na la tatu ndilo la roho mkononi. Wageni wana mpira. Wenyeji majukwaani wanatakiwa wapige kelele ili wageni wasisikilizane. Hiyo ndiyo kazi yao, ndiyo sababu timu hupenda kucheza kwao. Kelele ya binadamu haina kanuni; mashabiki si bendi wala si mimi, hakuna mwamuzi wa kuwatoza yadi 15. Zamani, wageni wakiwa bado wamejikusanya, ngoma za bendi zilianza peke yake, dum, dum, dum-dum, watu wakaingia kwa makofi, wakaingia kwa miguu kwenye vyuma vya jukwaa, na ngoma ziliponyamaza kwa mujibu wa kanuni, makofi yalibaki na yakawa mngurumo. Ngoma zilikuwa zimewakabidhi.

Sasa ratiba yangu inasema "jaribio la tatu, ulinzi: piga king'ora na wimbo namba nne". Napiga. Spika zinajaza bakuli zima. Watu wanafanya nini? Wanasikiliza. Wengine wanatikisa vichwa, wengine wanarekodi kwa simu. Nani apige kelele wakati hawezi hata kujisikia? Kisha mchezaji wa katikati anainama juu ya mpira, nami nakata, kwa sababu nisipokata tunaadhibiwa. Na pale nilipokata pana shimo. Kwa sekunde moja na nusu au mbili uwanja mzima uko kimya kuliko ulivyokuwa kabla sijabonyeza chochote, na sekunde hizo ndizo ambazo wageni wanahitaji kusikilizana. Nakwambia hili nikiwa na mita ya sauti mbele yangu: sindano inapanda kwa ajili ya spika, inaanguka, halafu inaanza kupanda upya taratibu, na mpira umeshatoka. Tumelipia mitambo ya fedha nyingi ili kuwafundisha watu wetu kunyamaza kwa wakati usiofaa.

Hilo nimemweleza kijana wa masoko. Alisema king'ora kina mdhamini.

Kuna jambo la kiufundi pia, na naomba wahariri msilikate, maana ndilo ambalo watu wa nje hawalioni. Spika kubwa ziko pamoja upande mmoja, chini ya ubao wa matokeo, kusini. Bendi iko kaskazini. Kutoka mwisho hadi mwisho uwanja ni yadi 120, karibu mita 110. Sauti inakwenda takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo wangu unawafikia wapiga ngoma ukiwa umechelewa theluthi ya sekunde. Maandamano ya kawaida ya bendi huwa na mapigo kama 120 kwa dakika, pigo moja kila nusu sekunde. Theluthi ya sekunde ni zaidi ya nusu ya pigo. Nikiwasha wimbo kabla bendi haijamaliza wake, na ratiba hunilazimisha hivyo mara kwa mara, wale watoto wanasikia ngoma mbili zinazogombana, moja mgongoni kwao na nyingine ikija kutoka ng'ambo imechelewa. Wanafundishwa kumtazama kiongozi na kuziba masikio kwa akili, lakini kuna mpaka. Hapo ndipo watu wa viti vya bei kali husema "bendi imeharibu". Bendi haijaharibu kitu.

Isije ikadhaniwa kwamba nataka spika zing'olewe. Kuna nyimbo za kwenye spika ambazo ningelia zikiondolewa. Kule Madison, uwanja wa Camp Randall wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, tangu 1998 wanapiga "Jump Around" ya kundi la House of Pain kati ya robo ya tatu na ya nne, na watu wote wanaruka. Mwaka 2003 uongozi ulijaribu kuufuta kwa hofu ya jukwaa, wakati uwanja ukiwa kwenye ujenzi. Wanafunzi wakaja juu, wahandisi wakasema jukwaa linahimili, ukarudishwa. Kule Blacksburg, timu ya Virginia Tech huingia uwanjani kwa wimbo wa Metallica tangu 2000, mwaka waliopata ubao mpya wa matokeo, na mruko wa mashabiki umewahi kuonekana kwenye mashine za kupimia matetemeko ya ardhi. Watu wa kule husimulia kwamba aliyeanza kuruka alikuwa kijana wa bendi aliyekuwa anajipasha joto siku ya baridi. Sishangai.

Tofauti ya nyimbo hizo na namba kumi na moja ya ratiba yangu iko wazi. Ule wa Madison unapigwa mara moja kwa mchezo, mahali pake panajulikana, na wenye kuumiliki ni wale wanaoruka, ukiufuta wanaandamana. Namba kumi na moja ikifutwa kesho, hakuna hata mtoto atakayeuliza. Na wimbo wa redio haulazimiki kukaa kwenye spika ili upendwe uwanjani. Wimbo wa "Rocky Top" ulitungwa 1967 bila uhusiano wowote na mpira. Bendi ya Chuo Kikuu cha Tennessee ilianza kuupiga kwenye michezo mwaka 1972, na leo ukiutaja mjini kwao Knoxville bila kuimba utaonekana umetoka sayari nyingine. Bendi ndiyo iliyouvuta hadi hapo.

Kuna hoja ya vijana wanaosajiliwa. Makocha wanasema kijana wa miaka 17 anayetembelea chuo anataka kusikia muziki wake, hataki muziki wa maandamano wa enzi za babu. Sawa. Saa moja kabla ya mchezo, wakati wa kupasha misuli moto, spika ni za wachezaji, nyimbo wanachagua wao, nami nazipiga kwa sauti ambayo wazee wa jukwaa la chini huniandikia barua. Sina tatizo. Lakini nilishataja Southern: kijana huyohuyo akiupata wimbo wake kutoka kwa tuba ishirini zilizosimama mbele yake, nywele zitamsimama. Kikwazo ni gharama na subira. Nikibonyeza mimi, chuo kimeshalipa leseni za jumla kwa ASCAP, BMI na wenzao, mashirika yanayokusanya malipo ya watunzi, yameisha. Bendi ikitaka kuupanga upya wimbo wenye haki miliki, lazima iombe ruhusa ya wenye wimbo, ilipe, impate mpangaji wa muziki, kisha ifanye mazoezi. Idara ya michezo ingeweza kuzilipia ruhusa hizo kwa sehemu ndogo tu ya bei ya ubao mpya wa video. Sijaona mtu akipendekeza hivyo kikaoni.

Fedha ndiyo shina la yote haya, na sitajifanya sijui. Mkono mtupu haulambwi. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo. Malipo hayo nayaunga mkono, vijana wale wameingiza mabilioni kwa miaka mingi bila mshahara. Lakini idara iliyokuwa inatafuta fedha kwa kutembea, sasa inatafuta kwa kukimbia, na kila sekunde tupu ya Jumamosi inaonekana kama kiwanja kisichojengwa. Bendi haiwezi kuuzwa vizuri. Huwezi kumwambia mtangazaji aseme "tarumbeta hizi zimeletwa kwenu na kampuni ya bima", ingawa naomba wasisome barua hii wakapata wazo.

Wala sidai bendi ni malaika. Novemba 20, 1982, pale Berkeley, bendi ya Stanford iliingia uwanjani ikidhani mchezo umekwisha, kumbe mpira bado unarushwa. Mchezaji wa California akapita katikati yao, akafunga, na akamwangusha mpiga tromboni kwenye eneo la kufungia. California wakashinda 25 kwa 20. Watu wa Stanford mpaka leo hawataki kuongelea. Bado nasema hakuna spika itakayowahi kuingia kwenye historia kwa kugongwa na mfungaji.

Ninachoomba kwa wakubwa zangu, na nimeshakiandika kwa barua pepe isiyojibiwa, ni kidogo sana. Jaribio la tatu la wageni waachiwe wapiga ngoma na mashabiki, king'ora kikalale. Tukifunga, wimbo wa chuo upigwe na bendi mpaka mwisho, bila mimi kuukanyaga katikati kwa tangazo. Katika kila robo, mtu wa kofia nyekundu akiingia mara moja, muda ule mzima uwe wa bendi, uandikwe kwenye ratiba kwa wino kama unavyoandikwa wa pizza. Zilizobaki wachukue masoko. Nitabonyeza kwa moyo mweupe, hata namba kumi na moja.

Kwa mwandishi wenu, ndugu yangu, sina ugomvi na wewe. Nadhani ulikaa upande wa ubao wa matokeo, chini ya spika zangu, ambako hata mimi nisingeisikia bendi. Ukija tena msimu wa vuli, usikubali kiti hicho wanachowapa waandishi. Nenda Baton Rouge. Au nenda Columbus mapema, bendi ya Ohio State hufanya mazoezi ya mwisho mbele ya watu ndani ya ukumbi kabla ya mchezo, na ukumbi hujaa. Kaa kona ya bendi robo nzima, zima kinasa sauti chako, utazame wangapi wanapuliza na wangapi wanashusha. Na kabla hujaandika aya nyingine ya muziki, zungumza na mkurugenzi wa bendi kwanza, meneja wa masoko baadaye. Namba za wote wawili ninazo, nitakupa.

Wenu,
Fundi mitambo, Marekani

(Jina la mwandishi na la chuo vimehifadhiwa kwa ombi lake.)